Daktari Anataka Nilazwe kwa Sababu ya Sonona, Nami Sijui Nimjibu Nini

Shikamoo Mama Mshauri.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Tanga mjini, ni mwalimu katika shule ya msingi ya binafsi ambako nimefundisha kwa miaka 7. Nina mume na watoto wawili, mkubwa ana miaka 8 na mdogo ana miaka 3. Nimekuwa nikisoma safu yako kwa muda mrefu, na mara nyingi niliwahurumia wanaokuandikia bila kudhani kwamba nami nitafika siku ya kushika kalamu.

Mama yangu mzazi alifariki mwaka jana mwanzoni mwa masika, baada ya kuugua nyumbani kwangu kwa miezi 5. Nilimuuguza kwa mikono yangu, usiku kwa mchana, na huku naingia darasani. Msibani sikulia, kwa sababu nilikuwa napokea wageni na kuhesabu sahani. Machozi yalikuja baada ya arobaini, yakatoka kwa wiki kadhaa, kisha yakakauka, na kilichobaki baada ya hapo ni kitu ambacho sijui kukieleza. Nashtuka saa tisa usiku na kukaa macho mpaka adhana ya alfajiri. Kukipambazuka mwili ni mzito, hata kuinua ndoo ya maji ya kuoga nahitaji kujishauri kwanza. Chakula hakina ladha, na tangu mwezi wa kumi nimepungua kilo 9. Madaftari ya wanafunzi yamelundikana mezani kwangu, mimi ambaye nilikuwa nikisahihisha siku hiyo hiyo. Mwanangu mdogo akinishika mashavu nataka kumchekea, lakini uso haukubali.

Januari nilikwenda hospitali nikidhani nina vidonda vya tumbo. Daktari aliniuliza maswali mengi, akaniambia nina sonona, akanipa vidonge vya amitriptilini nimeze kila usiku. Nilimeza kwa siku 10. Kinywa kilikauka, asubuhi nilisinzia mbele ya darasa la tatu, na ule uzito ulikuwa pale pale, nikaacha. Niliporudi baada ya miezi miwili hali ikiwa mbaya zaidi, nilipelekwa kwa daktari wa magonjwa ya akili. Huyu ndiye aliyeniambia, kwa upole sana, kwamba angependa nilazwe kwa wiki 3 au 4. Amenipa wiki mbili nizungumze na familia kisha nimpe jibu. Aliniuliza pia kama nawaza kujidhuru, nikasema hapana. Mama, sikusema uongo, lakini sikusema yote. Sina mpango wowote, ila usiku mwingine naomba nilale nisiamke, na nimeanza kuona kwamba watoto wangu wangelelewa vizuri zaidi na mtu mwingine.

Mume wangu ni mtu mwema. Anafanya kazi bandarini, anarudi amechoka, na nilipomweleza alisema: "Amua wewe, mimi nitakubali lolote." Jibu hilo limeniumiza kuliko kama angekataa. Mama mkwe anasema haya si maradhi ya hospitali, nisomewe, kwa sababu mtu aliyeuguza maiti mtarajiwa huweza kuondoka na kitu. Hasemi kwa ubaya, na amekwisha kuzungumza na shehe. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam ametafuta kituo cha watu kulala huko pembezoni mwa jiji, wanataka malipo ya miezi mitatu kwa mkupuo, na mwezi wa kwanza mgonjwa haruhusiwi kutembelewa wala kupiga simu. Anasema huko kuna faragha na hakuna vichaa. Mdogo wangu wa kike, yuko Muheza, amesema kama sitaki kwenda popote atafunga genge lake na kuja kukaa nami.

Nikilazwa, mtaani watasema nimepelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, hata kama nitalazwa kwingine. Wazazi wa wanafunzi wakisikia, nani atataka mwanawe afundishwe na mimi? Na mdogo wangu huyu wa miaka 3 hajawahi kulala bila mimi. Lakini nisipolazwa naogopa, na ninachokiogopa sijui hata jina lake. Je, kulazwa ndiyo njia sahihi kwangu, au ni kukimbia majukumu? Mama yangu aliugua vibaya kuliko mimi na hakuwahi kumkimbia mtu.

Mama wa Wawili, Tanga.

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kufiwa na mama, na pole kwa mwaka mzima wa kubeba jambo ambalo wengi hawakuliona. Barua yako ilipofika nilikujibu faraghani siku ile ile, na nashukuru kwamba umeniruhusu kuichapa sasa baada ya kubadilisha yale ambayo yangekutambulisha. Unajua kwa nini sikungoja. Ni kwa sababu ya ile sentensi ya kulala usiamke, na ndiyo ninayotaka kuanza nayo hapa pia, kwa kuwa mengine yote uliyouliza yanaielekea.

Kutamani usiamke na kuwaza namna ya kufa ni mambo mawili, na madaktari huyatofautisha, lakini hayatenganishwi na ukuta. Ni mteremko mmoja, na mtu aliyechoka, asiyelala, asiyekula, anaweza kuteremka katika usiku mmoja bila kukusudia. Ulimjibu daktari kwa ukweli nusu, nami nakuelewa, maana swali hilo ni zito na pengine uliogopa kwamba jibu kamili lingekufungia mlango hapo hapo. Lakini angalia lililotokea: pendekezo la kulazwa unalolihangaikia limetolewa na mtu aliyepewa nusu ya habari. Ukimpa nusu iliyobaki huenda akasisitiza zaidi, huenda akabadili dawa, huenda akataka mumeo awepo kwenye mazungumzo, lakini walau atakuwa anamshauri mgonjwa aliye mbele yake. Na ikiwa siku yoyote kabla hujaamua, matamanio hayo yakageuka kuwa mpango, basi swali la barua hii litakuwa limekwisha. Hata kama ni saa nane ya usiku, mwamshe mumeo, mwende hospitali iliyo karibu, kitengo cha dharura, na asikuache peke yako mpaka uonwe. Kwa sasa mwombe atunze yeye vidonge vyote vya nyumbani na chochote chenye sumu, mahali usipopajua. Sikuombi hayo kwa kukushuku. Hata mtu mwenye kisunzi, mwenye nyumba humwondolea vitu njiani.

Kuhusu wazo kwamba watoto wangelelewa vizuri zaidi na mtu mwingine, nimelisoma katika barua nyingi sana, kutoka kwa akina mama wasiojuana, wa mijini na wa vijijini, waliosoma na wasiosoma, na karibu kila mara kwa maneno yale yale. Kufanana huko ndiko kunakonifanya niamini kwamba wazo hilo ni la ugonjwa. Lingekuwa hesabu ya kweli ya malezi yako, lingekuwa na sura yako. Mtoto anayekushika mashavu asubuhi hajakwambia kwamba anahitaji mama mwingine.

Sasa niirudie hoja yako nione kama nimeielewa. Umepewa wiki mbili kuchagua kati ya njia nne ambazo kila moja ina mwenyewe: wodi ni ya daktari, kisomo ni cha mama mkwe, kituo ni cha kaka, na kubaki nyumbani ni kwa mdogo wako. Mumeo hana yake, na wewe katika barua yote hukuandika hata mara moja unachokitaka. Umeandika unachoogopa kwa kila upande. Silaumu, kwani sonona huua kwanza ile sehemu ya mtu inayotaka, na ndiyo sababu kumwambia mgonjwa wa sonona "amua wewe" kunaweza kuwa heshima na wakati huo huo kuwa mzigo. Lakini nisingependa uamuzi huu uwe wa kumridhisha mmoja na kumuudhi mwingine. Afadhali tuulize kila njia inatibu nini.

Kabla ya hapo kuna dhana moja ningependa uiangalie upya. Umeandika kwamba ulimeza vidonge siku 10, ukaona uzito uko pale pale, ukaacha. Dawa za sonona zina tabia ngumu ya kuleta kwanza maudhi kisha nafuu. Kinywa kukauka, usingizi wa asubuhi na choo kuwa kigumu huanza katika siku za mwanzo, na nafuu huchukua kwa kawaida wiki 2 hadi 4 kuonekana, wakati mwingine wiki 6 au zaidi. Kwa hiyo siku 10 ulipata upande mmoja tu wa dawa. Amitriptilini nayo ni ya zamani na huleta usingizi mwingi, na zipo nyingine, kama fluoksetini, ambazo hazimlazi mtu namna ile, ingawa zina maudhi yake. Huwezi basi kusema dawa zimeshindwa, na wala daktari hawezi kusema hivyo. Hili linagusa swali lako moja kwa moja: je, anataka ulazwe kwa sababu matibabu ya kwenda na kurudi yameshindikana, au kwa sababu hayakupata nafasi, na anaona kwamba kwa hali ya mwili wako sasa si salama kungoja wiki nyingine 6 ukiwa nyumbani? Ni sababu mbili tofauti, na ni haki yako kumuuliza ni ipi.

Muulize pia kama damu yako imepimwa. Upungufu wa damu na tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango huweza kumletea mtu uchovu na uzito unaofanana sana na wako, au kuuongeza ule uliopo, na kilo 9 si jambo la kuachwa bila vipimo. Mweleze kama umewahi maishani kuwa na kipindi cha siku kadhaa cha furaha au nguvu isiyo ya kawaida, usilale na usichoke, ukafanya mambo yasiyo yako, kwa sababu jibu hilo hubadili aina ya dawa anayopaswa kukupa.

Sasa kulazwa kwenyewe. Lugha yetu imelifanya neno hili kuwa la kutendwa: mtu hulazwa, hajilazi. Labda ndiyo maana limekutisha, umejiona unashikwa mikono na kufungiwa mlango. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 hapa kwetu Tanzania inamtambua mgonjwa anayeingia kwa hiari yake mwenyewe, na inamweka mbali na yule anayepelekwa bila ridhaa. Wewe, kwa namna daktari alivyokuomba, ungekuwa wa hiari. Waulize kabla hujasaini chochote: nikitaka kutoka kabla ya wakati, utaratibu ni upi? Simu yangu itakaa na nani? Mume wangu na watoto wataniona siku gani? Hospitali inayokukaribisha kwa nia njema haitachukizwa na maswali hayo.

Kuhusu Mirembe, nizungumze kidogo, kwa sababu jina hilo linawazuia watu wengi sana kutibiwa na sipendi tuliache lipite hivi hivi. Hospitali ile ya Dodoma ilianza mwaka 1927, na kwa miongo mingi ndiko walikopelekwa wagonjwa waliokuwa hoi zaidi kutoka nchi nzima, pamoja na wale waliotumwa na mahakama, ambao huwekwa Isanga, kitengo chake. Kumbukumbu ya watu ikabaki na picha hiyo moja, na jina likawa tusi la watoto wa shule. Lakini hata huko hulazwa watu wa sonona, wakapona na kurudi makazini, ila hao hawatangazi, na kwa hiyo mtaa hauwajui. Na mkoani kwako, juu kwenye milima ya Usambara wilayani Korogwe, ipo Lutindi, hospitali ya Kanisa la Kilutheri ambayo imewatunza wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na ambako kazi za mikono, bustani na karakana ni sehemu ya tiba yenyewe. Sikutumi huko. Nataka tu uone kwamba neno moja la mtaani linafunika mahali pengi pasipofanana, na kabla ya kukubali au kukataa, ni vyema wewe au mumeo mwende mkaione kwa macho ile wodi daktari aliyoikusudia.

Mkifika, mtaona mazuri na magumu. Kitanda cha hospitali kinaweza kukupa mtu wa kukuangalia saa zote katika siku zile ambazo wewe mwenyewe hujiamini, dawa inayopandishwa taratibu huku muuguzi akiona maudhi yake siku hiyo hiyo badala ya wewe kuyavumilia peke yako darasani, chakula na usingizi vinavyosimamiwa, na umbali kutoka chumba kile ambacho mama alifia. Hilo la mwisho hukulitaja, lakini umesema alikuwa nyumbani kwako. Hayo ni mambo ya maana. Lakini wodi nyingi za magonjwa ya akili hapa nchini zinachanganya wagonjwa wa aina nyingi, na utalala karibu na mtu anayeongea usiku kucha au anayeona yasiyoonekana. Wengine hilo huwatuliza, wakagundua kwamba wale waliowaita vichaa ni watu wenye majina na watoto. Wengine linawaongezea hofu. Wanasaikolojia ni wachache, na inawezekana katika wiki 4 ukapata mazungumzo ya kina mara chache kuliko unavyotarajia. Katika hospitali nyingine ndugu huombwa kuleta chakula au kukaa na mgonjwa, jambo ambalo litamhitaji mdogo wako au mumeo hata kama umelazwa. Yaulizeni yote haya mapema ili yasiwe mshangao wa siku ya pili.

Kituo alichokipata kaka yako kinanitia wasiwasi, na nitasema wazi kwa kuwa najua amekitafuta kwa mapenzi. Maelezo uliyoyatoa yanafanana na ya zile nyumba tunazoziita soba hausi, ambazo zimewasaidia vijana wengi wa pwani kuacha heroini na pombe. Utaratibu wa kumtenga mtu na simu na jamaa mwezi wa kwanza ulibuniwa kwa ajili ya mtu ambaye simu yake inamrudisha kwa muuzaji. Wewe simu yako inakurudisha kwa mwanao. Mtu mwenye sonona anayetamani asiamke akikatwa na wote wanaompenda kwa siku 30, mahali ambapo pengine hakuna daktari wa zamu, yuko hatarini zaidi. Huenda nakosea na kituo hicho ni cha namna nyingine. Kaka aulize basi kama kimesajiliwa na kwa huduma gani, ni daktari gani wa magonjwa ya akili anayefika na kwa siku zipi, usiku nani yupo, na mgonjwa akizidiwa hupelekwa wapi. Asilipe shilingi ya miezi mitatu kabla ya kuonyeshwa majibu. Faragha aliyoitafuta ni jambo jema, lakini muuguzi wa usiku ana thamani kubwa zaidi kwako sasa.

Mama mkwe usimwone mpinzani. Kusomewa Kurani kukikupa utulivu, pata utulivu huo, na shehe mwenye elimu hatakwambia uache dawa. Shida huja pale kisomo kinapowekwa mahali pa dawa, au kinapoambatana na kufungishwa, kunyimwa chakula au kupigwa ili kitu kitoke, na mwili uliopungua kilo 9 hauwezi kustahimili hayo. Mumeo ndiye anayeweza kuzungumza na mama yake kwa lugha ya mtoto kwa mzazi, na hapo utaona kwamba kukubali lolote hakumtoshi, kuna kazi ambayo ni yake peke yake.

Tuje kwenye kubaki nyumbani na mdogo wako, njia ambayo nadhani moyo wako unaipenda kidogo zaidi, kwa sababu ndiyo uliyoieleza bila masharti. Inaweza kuwa matibabu halisi, si kukwepa, lakini ikiwa tu itapangwa kama matibabu. Maana yake ni likizo ya ugonjwa iliyoandikwa na daktari, dawa mpya iliyo mkononi mwa mdogo wako na kuchukuliwa kidogo kidogo kila wiki, kliniki ya kila wiki na si ya kila mwezi, mtu wa kulala nawe chumba kimoja mumeo anapokuwa zamu, na mshauri nasaha au mwanasaikolojia wa kuanza kuuzungumza msiba ambao hukuulia. Muwekeane pia alama mapema: mambo gani yakitokea, kwa mfano kutokula kwa siku mbili au wazo lile kurudi likiwa na sura mpya, mtakwenda kulazwa bila mjadala mwingine. Hatari ya njia hii ni kwamba nyumba ina mvuto wake. Wiki ya kwanza utapumzika, wiki ya pili utaonekana unapika, ya tatu mdogo wako atakumbuka genge lake Muheza, na wote mtadhani mmepona kwa kuwa mmechoka kuugua.

Kulazwa nako kuna hatari inayofanana na hiyo, nayo iko mlangoni pa kutokea. Siku na wiki za kwanza baada ya mgonjwa wa sonona kuruhusiwa hospitali ni miongoni mwa vipindi vya hatari kuliko vyote. Anatoka mahali alipoangaliwa saa zote, anarudi kwenye kitanda kile kile, dawa haijashika sawasawa, na jamaa wamelegea kwa furaha kwamba amerudi. Kwa hiyo ukielekea kulazwa, panga siku ya kutoka kabla ya siku ya kuingia: nani atakuwa nyumbani wiki hizo, kliniki ya kwanza ni tarehe ngapi (ningependa isizidi siku 7), na utarudi darasani kwa vipindi vingapi kwanza. Mdogo wako akiwa na wiki 4 tu za kukupa, sina hakika kwamba wiki zile za wodini ndizo zinazomhitaji zaidi.

Kuhusu kazi, hofu yako ina msingi lakini si kubwa kama unavyoiona saa tisa ya usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi kama wewe likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari anayetambulika. Wiki 4 zimo humo kwa wasaa. Mwambie daktari kwamba cheti kitapita mikononi mwa watu wa ofisini, mkubaliane kitaandikwaje. Kwa walimu wenzako na wazazi unaweza kusema unaumwa na unatibiwa, ukaishia hapo. Huo si uongo. Juu ya mtaa sina ahadi ya kukupa, kwani watu watasema. Ila wanasema tayari kwamba mwalimu amekonda, na hilo hukulifanyia lolote la kujiponya.

Nimebakiza swali lako la kukimbia majukumu, na lile la mama. Umesema aliugua vibaya kuliko wewe na hakumkimbia mtu. Lakini mama yako, mwanangu, alipougua alikuja kukaa kwako. Aliacha kitanda chake, akakubali kuogeshwa na binti yake, kulishwa na kugeuzwa, kwa miezi 5, na hukuandika popote kwamba ulimwona ametoroka jambo. Sijui kama kukubali kwako kutunzwa kunapaswa kuwa wodini au chumbani kwako na mdogo wako kando. Hilo mtalijua wewe, mumeo na daktari mkishakuwa na habari kamili mezani. Ninaloliona tu ni kwamba unajipimia kwa kipimo ambacho mama hakukitumia.

Na mumeo. Aliposema amua wewe, nadhani alikuwa anaogopa kukosea kama unavyoogopa wewe. Mpe swali dogo zaidi ya lile ulilompa. Usimuulize tena kama ulazwe au usilazwe. Muulize: nikilazwa, nani atamlaza mdogo usiku? Nikibaki, ni siku zipi unaweza kubadilishana zamu? Mtu wa bandarini hujua kupanga zamu, na katika kujibu hayo atakuwa ameingia kwenye uamuzi pamoja nawe.

Ukienda kumpa daktari jibu, nenda naye, na mchukue barua yako hii. Kama ulimi utakuwa mzito, huna haja ya kusema. Pigia mstari zile sentensi mbili za mwisho wa aya ya tatu, umpe asome mwenyewe, kisha mngoje aongee.